Vioo vya plastiki kwenye gari: wapi vinafaa, na kwa nini hupasuka vikifungwa vibaya

Wanaotengeneza magari ya mashindano, pamoja na wengine wanaotaka tu kulipunguzia gari uzani, hawakosi kubishana kuhusu vioo vya plastiki. Mmoja husema havivunjiki hata vikipigwa nyundo. Mwingine huapa kwamba vya kwake vilipasuka vyenyewe gari likiwa limeegeshwa juani. Wa tatu anashikilia kuwa hugeuka manjano kabla mwaka haujaisha, na wa nne ana gari ambalo vioo vyake vya plastiki bado ni viangavu baada ya misimu mingi ya mbio. Wote wanne wanaweza kuwa wakweli, kwa kuwa kila mmoja anazungumzia plastiki ya aina yake, iliyofungwa kwa namna yake, mahali pake kwenye gari. Makala haya yanakusudia kuyatenganisha mambo hayo, na yanashikilia hoja moja: plastiki ina tabia zake tofauti kabisa na za kioo cha kawaida, na lawama nyingi zinazotupiwa plastiki ni matokeo ya kuichagua au kuifunga kana kwamba ni kioo kilichopunguzwa uzani.

Ni plastiki gani hasa

Tuanze na kile kinachoondolewa. Gari huwa na vioo vya aina mbili. Kioo cha mbele ni cha matabaka: mabamba mawili membamba ya kioo yamegandishwa pamoja na utando wa plastiki katikati yake, ili kikipigwa jiwe kipate ufa lakini vipande vibaki vimeshikana. Vioo vya milangoni na cha nyuma kwa kawaida vimekazwa kwa moto, yaani vilipashwa joto kali kisha vikapozwa ghafla, jambo linaloviongezea nguvu na kuvifanya, siku vikivunjika, visambaratike kuwa punje ndogo butu badala ya vipande virefu vyenye makali. Tofauti hii ina uzito mkubwa katika swali la kioo kipi kibadilishwe na kipi kiachwe.

Kwa upande wa plastiki, zile angavu zinazotumika kwenye magari ni hasa mbili: akriliki na polikaboneti. Akriliki ndiyo iliyotangulia. Iliingia sokoni miaka ya 1930 kwa majina kama Plexiglas na Perspex, na wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia ilitumika kufunika vyumba vya marubani wa ndege za kivita. Hupitisha takribani asilimia 92 ya mwanga, uso wake ni mgumu kuliko wa polikaboneti, na hustahimili jua vizuri bila kubadilika rangi. Udhaifu wake ni mmoja, lakini ni mkubwa: ikigongwa kwa nguvu huvunjika, na vipande vyake huwa na ncha kali.

Polikaboneti ilipatikana mwaka 1953 kwa juhudi za wanakemia wawili waliofanya kazi kila mmoja kwake bila kushirikiana, Hermann Schnell wa kampuni ya Bayer nchini Ujerumani na Daniel Fox wa General Electric nchini Marekani, na ndiyo sababu mpaka leo inajulikana zaidi kwa majina mawili ya biashara, Makrolon na Lexan. Sifa yake kubwa ni ushupavu. Ikipigwa hubonyea, hupinda, na mara nyingi hurudi ilivyokuwa. Hata nguvu ikizidi, huwa inachanika badala ya kurusha vipande. Kwa sababu hiyo imetumika kwenye ngao za polisi wa kutuliza ghasia, kwenye vizuizi vya uso vya kofia za waendesha pikipiki, na kwenye lenzi za taa za mbele za karibu kila gari la kisasa.

Mabamba ya plastiki hizi mbili yakilazwa mezani yanafanana kiasi kwamba mtu asiye mzoefu hawezi kuyatofautisha kwa macho. Bamba linalofaa kununuliwa huwa na karatasi au utando wa kulilinda pande zote mbili, nao umechapishwa jina la plastiki, unene, na mara nyingine upande unaotakiwa kutazama jua. Pale ambapo utando umeshabanduliwa na muuzaji hana uhakika, kipande chembamba cha mabaki kinatosha kumaliza shaka: kikishikwa kwa koleo mbili, aliyekishika akiwa amevaa miwani ya kinga, na kukunjwa kwa nguvu, akriliki itakatika kwa mlio mkavu, ilhali polikaboneti itakunjwa hadi pande zake zikutane, na kwenye mkunjo kubaki alama nyeupe tu. Mimi binafsi sioni nafasi ya akriliki karibu na uso wa mtu ndani ya gari linalokwenda kasi, hata kama uangavu wake unavutia. Kuanzia hapa, ninaposema kioo cha plastiki ninamaanisha polikaboneti.

Uzani unaookolewa

Kioo cha kawaida kina uzani wa takribani gramu 2.5 kwa kila sentimita ya ujazo, na polikaboneti ina gramu 1.2. Maana yake ni kwamba mita moja ya mraba ya kioo chenye unene wa milimita 4 ina kilo 10, wakati polikaboneti ya unene huohuo ina kilo 4.8, na ile ya milimita 3 ina kilo 3.6.

Tuchukue gari lenye milango minne, ambalo kila kioo cha mlango kina eneo la mita za mraba 0.35 na kioo cha nyuma kina 0.8. Vioo vinne vya milangoni, vikiwa vya milimita 4, vina kilo 14. Vikibadilishwa kwa polikaboneti ya milimita 3 vinakuwa kilo 5. Kioo cha nyuma, kikibadilishwa kwa polikaboneti ya milimita 4, kinashuka kutoka kilo 8 hadi karibu 4. Jumla ya kinachookolewa ni kilo 13 hivi. Zikiondolewa pia mota na mitambo ya kupandishia vioo, kwa kuwa vioo vya plastiki mara nyingi hufungwa vikae palepale, zinapungua kilo nyingine kadhaa.

Faida ya kilo hizo ni kwamba ziko juu. Uzani unaotolewa usawa wa mabega ya dereva na kuendelea hushusha kitovu cha uzito cha gari, na gari hulala kidogo zaidi upande linapokata kona. Kwa mtu anayeshindana kwa sehemu za sekunde, hilo lina thamani. Kwa mtu wa kwenda kazini na kurudi, lakini, kilo 13 katika gari la kilo 1,300 ni asilimia moja tu, na dhana kwamba vioo vya plastiki vitampunguzia matumizi ya mafuta kwa kiasi cha kuonekana haina msingi. Watengenezaji waliovitumia kwenye magari ya barabarani walikuwa na sababu maalumu: Ferrari F40 ya mwaka 1987 ilikuwa karibu gari la mbio lenye namba za usajili, na matoleo yake ya mwanzo yalikuwa na madirisha ya plastiki yenye kipande cha kutelezesha; nayo Volkswagen XL1 ya mwaka 2013, iliyopewa madirisha ya pembeni ya polikaboneti, ilibuniwa kutumia takribani lita moja ya mafuta kwa kilomita 100, na katika gari la namna hiyo kila gramu ilihesabiwa.

Kwa nini kinatuna kwenye mwendo kasi

Hapa ndipo penye jambo ambalo maelezo mengi huliruka. Polikaboneti ni shupavu, lakini si kakamavu. Haivunjiki kirahisi, ila inapinda kirahisi: kwa vipimo vya kihandisi, kioo cha kawaida hukataa kupinda karibu mara 30 zaidi ya polikaboneti. Unene husaidia sana, kwa kuwa bamba likiongezwa unene maradufu, ukakamavu wake huongezeka mara nane. Hata hivyo, ili bamba la polikaboneti liwe kakamavu sawa na kioo cha milimita 4, lingehitaji unene wa milimita 12 hivi, na kwa unene huo mita moja ya mraba ingekuwa na zaidi ya kilo 14, yaani lingekuwa zito kuliko kioo lilichokuja kukiondoa.

Kwa maneno mengine, wepesi wa kioo cha plastiki unapatikana tu kwa mtu aliyekubali kwamba kitapinda, na aliyejipanga kukishikilia. Gari likienda kasi, hewa inayopita ubavuni huwa na mgandamizo mdogo kuliko iliyo ndani, hivyo dirisha la mlango huvutwa nje. Dirisha lisiloshikwa vizuri kwenye ukingo wake wa juu huachana na raba, upepo huanza kupiga kelele, na likitikisika kwa muda mrefu matundu yake ya boliti huanza kuchoka. Kioo cha nyuma, ambacho ni kikubwa zaidi, huweza kutuna katikati hadi kutoka kwenye fremu yake.

Dawa yake si unene peke yake. Bamba lililopinda kwa umbo hukakamaa kuliko bamba bapa la unene uleule, kwa hiyo kioo kilichofinyangwa kulifuata umbo la asili la gari ni bora kuliko bamba bapa lililolazimishwa kwa skrubu. Bamba linapaswa kushikwa kwenye ukingo wake wote na si pembeni mwa kona nne tu. Kwenye kioo cha nyuma hufungwa vipande viwili au vitatu vya bati jembamba la alumini, kutoka juu hadi chini, ili kuzuia katikati pasitune. Kwa desturi ya magari ya mbio, milimita 3 hutumika kwa madirisha madogo ya pembeni, milimita 4 kwa madirisha makubwa ya milango na kioo cha nyuma, na milimita 5 au 6 kwa pale ambapo mashindano yanaruhusu kioo cha mbele cha plastiki. Mtu mwenye gari la mbio fupi za mwendo mdogo anaweza kutosheka na wembamba zaidi, ila asishangae likipiga mluzi.

Mikwaruzo, jua na ule umanjano

Yeyote aliyewahi kulitazama gari lenye umri, ambalo taa zake za mbele zimefifia na kuwa na rangi ya manjano, ameshaona kinachoipata polikaboneti inapopoteza kinga yake. Miale ya jua isiyoonekana kwa macho huvunjavunja muundo wa plastiki kwenye uso wake, uso ukawa wa manjano na wenye utusitusi. Taa hizo zilipotoka kiwandani zilikuwa zimepakwa tabaka jembamba la kuzikinga, nalo lilidumu kwa miaka. Umanjano ulianza tabaka hilo lilipokwisha. Madirisha hufuata kanuni ileile. Bamba tupu, lisilo na kinga, linaweza kuharibika upesi sana likikaa juani kila siku, na bamba lenye kinga nzuri hukaa angavu kwa miaka mingi. Mabishano ya kama kioo cha plastiki hugeuka manjano au hakigeuki yangekwisha iwapo kila anayebishana angeulizwa kwanza alinunua bamba la namna gani.

Tabaka hilo lina kazi ya pili, ambayo ni kuzuia mikwaruzo. Uso wa polikaboneti tupu ni laini kiasi kwamba kitambaa kikavu kinachopitishwa juu ya vumbi kinatosha kuuacha na mistari ya duara, na mistari hiyo, ambayo mchana haionekani, usiku hutawanya mwanga wa taa za magari yanayokuja mpaka dereva haoni mbele. Mabamba yaliyopakwa tabaka gumu huhimili zaidi, ingawa bado hayafikii kioo cha kawaida. Ushauri wangu ni kutofanya ubahili hapa: dirisha lolote ambalo dereva analitazamia barabara lipakwe kinga pande zote mbili, na bamba tupu liwekwe tu mahali pasipohitaji kuonwa sawasawa.

Kuna mtego mmoja katika ununuzi huo. Tabaka gumu halivumilii kupindwa kwa moto. Hupasukapasuka na kuacha utando wa nyufa ndogo usiotibika. Kwa hiyo kioo chenye umbo la duara kinapaswa kufinyangwa kwanza kisha kupakwa kinga, kazi ambayo hufanyika kiwandani. Anayenunua bamba bapa lenye kinga anaweza kulipinda baridi tu, tena kwa upole. Polikaboneti tupu hukubali kupindwa baridi hadi duara lenye nusu kipenyo cha takribani mara 100 ya unene wake, ambayo kwa bamba la milimita 3 ni sentimita 30; lenye tabaka gumu huhitaji duara pana zaidi ya hapo, na mengine hayakusudiwi kupindwa kabisa, kwa hiyo karatasi ya mtengenezaji isomwe kabla ya kukata. Kulipinda kwa moto nyumbani sikushauri, kwa sababu plastiki hii hunywa unyevu wa hewani, na isipokaushwa kwa saa kadhaa katika joto la karibu nyuzi 120 kabla ya kufinyangwa, unyevu huo hugeuka mapovu ndani ya bamba.

Kioo cha mbele kiachwe

Kwa gari linalotembea barabarani, jibu la swali la kioo cha mbele ni fupi: kiachwe kilivyo. Waipa hufuta ikiwa imekokota mchanga na vumbi, na hakuna mahali pengine kwenye gari ambapo uso husuguliwa hivyo. Isitoshe, katika magari ya kisasa kioo cha mbele kimegundishwa kwenye bodi na ni sehemu ya uimara wake. Husaidia paa lisibonyee gari linapobiringika, na mara nyingi mfuko wa hewa wa abiria hukiegemea unapofunguka. Kukiweka kioo kinachopinda mahali pake ni kubadilisha mambo ambayo mhandisi aliyeliunda gari aliyapigia hesabu.

Sheria nayo iko upande huo. Vioo vya magari hutakiwa kuwa na alama ya kuthibitishwa, ile iliyochapwa pembeni. Katika nchi zinazofuata Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 43, vioo vigumu vya plastiki vina kundi lao, lenye namba ya Kirumi VIII. Nchini Marekani alama huanza na herufi AS, na AS1 ndiyo inayotakiwa kwenye kioo cha mbele. Si kweli, basi, kwamba plastiki imepigwa marufuku barabarani kila mahali, kama baadhi wanavyodai. Kilicho kweli ni kwamba bamba lililokatwa kwenye gereji halina alama hiyo, na gari lenye vioo visivyo na alama linaweza kukataliwa kwenye ukaguzi au kuleta utata bima inapodaiwa. Kwa magari ya mbio tu, kinachotawala ni kitabu cha kanuni cha shindano husika, ambacho hutaja plastiki gani, unene wa chini, na dirisha lipi. Katika mbio za NASCAR za Marekani, kwa mfano, vioo vya mbele ni vya polikaboneti, na juu yake hubandikwa utando mwembamba wa tabaka kadhaa, ambao tabaka lake la juu hung'olewa likichafuka.

Kukata na kufunga

Kioo cha zamani, kikiwa kizima, ndicho kipimo bora. Hulazwa juu ya bamba, huchorwa kwa kalamu ya wino juu ya utando wa kinga, na utando huo hauondolewi mpaka siku ya kufunga. Kama kioo hakipo, kadibodi nene iliyokatwa na kujaribiwa kwenye fremu mara nyingi iwezekanavyo ni bora kuliko vipimo vya futi. Bamba linapokatwa kwa msumeno wa umeme wenye meno madogo, libanwe juu ya ubao karibu kabisa na mstari wa kukatia, kwa kuwa likiachwa litetemeke, ukingo hubaki na mipasuko midogo. Kingo zote hukwanguliwa kwa kisu kilichosimamishwa wima, kisha husuguliwa kwa msasa mzito na kumalizwa kwa mwembamba mpaka kidole kikipitishwa kisikute kidonda chochote. Kazi hii huonekana ni ya urembo, lakini kila kidonda cha ukingoni ni mwanzo wa ufa.

Sasa tumrudie yule ambaye kioo chake kilipasuka gari likiwa limeegeshwa. Polikaboneti hutanuka kwa joto zaidi ya mara tano kuliko chuma. Bamba la urefu wa mita moja likipimwa asubuhi kwa nyuzi 20, kisha likafikia nyuzi 60 kwenye jua la mchana, litarefuka kwa karibu milimita 3, huku fremu ya chuma ikirefuka kwa nusu milimita tu. Ni kama mlango wa mbao uliobanwa barabara kwenye fremu yake wakati wa ukavu: msimu wa mvua ukifika mbao huvimba, na mlango ambao haukuachiwa nafasi hukwama. Tofauti ni kwamba bamba la plastiki lililobanwa haliwezi kukwama tu. Hutafuta pa kutokea, na mahali hapo ni kwenye tundu la boliti.

Nafasi, basi, ndiyo siri ya ufungaji. Ukingo wa bamba uachwe mbali na fremu kwa milimita 2 hadi 3 pande zote. Boliti ya milimita 5 ipitishwe kwenye tundu la milimita 8, isipokuwa lile la katikati ambalo linaweza kubana kidogo ili lishike mahali. Katikati ya tundu pawe mbali na ukingo kwa angalau mara mbili ya kipenyo cha tundu lenyewe. Tundu litobolewe kwa mwendo wa wastani, kwa keekee kali, na bamba likiwa limeegemezwa kwenye ubao, maana keekee ikitokeza upande wa pili bila egemeo hunyofoa kipande. Chini ya kila kichwa cha boliti iwekwe washa pana, na kati ya washa na plastiki iwekwe raba. Skrubu zenye vichwa vya kuzama hazifai kabisa, kwa sababu kichwa chake huingia kwenye tundu kama kabari na kulitanua.

Kukaza ndiko kunakowaponza mafundi wengi waliozoea chuma. Boliti ikazwe mpaka raba ianze tu kubonyea, na nati iwe ile yenye plastiki ndani ya kujizuia kulegea. Bamba lililofungwa sawasawa likisukumwa kwa kiganja husogea kidogo. Lililobanwa kupita kiasi halionyeshi kosa siku ile ile. Lakini baada ya wiki kadhaa, ukilitazama kwa pembe huku jua likimulika, utaona kwenye mdomo wa tundu mistari mifupi inayometa, imetawanyika kuelekea nje, ambayo ukucha ukipita juu yake hauihisi. Hiyo ni mikazo iliyokwisha kuwa nyufa, na siku ya joto kali mmoja wao utafika ukingoni.

Kemikali huharakisha jambo hilo kwa namna inayowashangaza watu. Plastiki iliyo chini ya mkazo, yaani iliyobanwa au kupindwa, ikiguswa na petroli, tina, asetoni, dawa ya kusafishia breki au gundi ya kushikiza nyuzi za boliti, hupasuka kwa muda mfupi mno, hata kama plastiki hiyohiyo ikiwa imelala bila mkazo ingestahimili zaidi. Gundi ya nyuzi ni hatari ya pekee kwa sababu huwekwa palepale kwenye tundu, mahali penye mkazo mkubwa kuliko pote. Silikoni inayonuka siki inapokauka isitumike. Kuna silikoni isiyo na asidi, nayo ndiyo inayofaa kuziba kingo. Ile gundi nyeusi ya vioo vya mbele huhitaji dawa yake ya kutayarisha uso iliyoandikiwa polikaboneti, na raba laini za aina ya PVC ziepukwe, kwa kuwa mafuta yaliyomo ndani yake hutoka polepole na kuila plastiki.

Madirisha yanayopanda na kushuka, na njia ya kutokea

Wengi huuliza kama kioo cha plastiki kinaweza kupanda na kushuka mlangoni kama kawaida. Kinaweza, lakini kila kikishuka hukwaruzwa na vumbi lililonaswa kwenye raba, na kwa kuwa kinapinda, hukwama kwenye njia yake. Ndiyo maana magari ya mbio hufungwa dirisha lisilosogea lenye kipande kidogo cha kutelezesha, kinachotosha kuingiza hewa na kutoa mkono. Kwenye kioo cha nyuma, nyaya za kuondoa ukungu huondoka na kioo cha zamani, hivyo feni ya kupuliza hewa kavu inakuwa ya lazima kwa anayeendesha kwenye mvua.

Lililo zito kuliko yote ni kutoka ndani ya gari wakati wa ajali. Kioo kilichokazwa kwa moto huvunjika kwa pigo moja la nyundo ndogo yenye ncha, na watu wameokolewa kwa njia hiyo mara nyingi. Polikaboneti hairuhusu. Nyundo hudunda, teke hudunda, na waokoaji hulazimika kutumia msumeno. Kwa hiyo dai kwamba kioo kisichovunjika ni salama zaidi ni kweli kwa jiwe linalotoka nje, na si kweli kwa mtu aliyenaswa ndani. Gari lenye madirisha ya plastiki linapaswa kuwa na milango inayofunguka kutoka ndani na nje bila kukwama, na angalau dirisha moja lililoshikwa kwa vibanio vya kufyatua, ambalo dereva aliyefungwa mkanda analifikia kwa mkono wowote. Atakayeendesha gari hilo afundishwe kulifungua kabla ya kuondoka nalo, hata akiwa ni wa kuazima siku moja.

Utunzaji hauna mengi. Vumbi liondolewe kwanza kwa maji mengi, kisha uso uoshwe kwa sabuni laini na kitambaa safi chenye maji, bila kusugua pakavu na bila dawa za kusafishia vioo zenye amonia. Kila baada ya mashindano matundu ya boliti yatazamwe kwa tochi iliyoshikwa pembeni. Bamba lililoanza kuonyesha mistari libadilishwe, kwa maana kutoboa tundu dogo mwishoni mwa ufa huuchelewesha tu. Na lile la zamani litumike kama kipimo cha kukatia jipya, mradi tundu lililopasuka lichorwe kubwa zaidi safari hii.